Nilikosa miezi mitatu tu: je, ninaweza kurudi kwenye pensheni ya zamani ya polisi?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni afisa wa polisi hapa Kenya, wa cheo cha sajenti, na mama wa watoto watatu. Niliingia chuo cha polisi cha Kiganjo mwanzoni mwa 1999 nikiwa na umri wa miaka 22, na tangu wakati huo nimehamishwa vituo saba, kuanzia mpakani hadi hapa nilipo sasa. Sijawahi kukwepa zamu wala kupewa barua ya onyo.

Nilizaliwa Aprili 1976. Serikali ilipoanzisha mpango mpya wa malipo ya uzeeni, PSSS, tarehe 1 Januari 2021, kila mtumishi aliyekuwa chini ya miaka 45 aliingizwa moja kwa moja bila kuulizwa, na aliyekuwa na miaka 45 au zaidi alipewa hiari ya kubaki kwenye pensheni ya zamani. Siku hiyo mimi nilikuwa na miaka 44 na miezi minane. Mwenzangu tuliyeingia naye Kiganjo siku moja, tukakimbia pamoja na kulala bweni moja na wasichana wale wale, alizaliwa Novemba 1975. Yeye alijaza fomu ya kubaki. Mimi sikuletewa fomu yoyote. Nilijua nimehamishwa nilipoona mstari mpya wa makato kwenye karatasi yangu ya mshahara.

Majuzi tulikuwa zamu ya usiku kwenye dawati la kupokea ripoti, hapakuwa na watu, tukachukua ukurasa wa daftari la shule la mwanangu na kuanza kupiga hesabu za kustaafu kwetu. Hesabu yake iliisha kwa mistari minne. Yangu ilijaa maswali, tukaiacha. Ukurasa huo bado ninao, nimeukunja ndani ya kitambulisho changu cha kazi.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mdogo wangu ni mwanajeshi. Tumezaliwa na mama mmoja, sote tunabeba bunduki kwa ajili ya nchi hii, lakini jeshi halikuingizwa katika mpango huo. Mama akiniuliza kwa nini mdogo wangu ana uhakika wa uzee wake na mimi sina, sijui nimjibu nini.

Sasa serikali ya kaunti moja imeniahidi kazi ya kusimamia kikosi chake cha askari wa kaunti. Mshahara ni mzuri kuliko wangu, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeshaandika barua ya kujiuzulu, nimebakisha kutia sahihi. Wenzangu wengine wananiambia nisiondoke kwa sababu kuna mswada Bungeni wa kuwarudisha polisi kwenye pensheni ya zamani, na kwamba nikitoka sasa nitakuwa nimeukosa tena, kama nilivyokosa mwaka ule. Nilikwenda kuuliza katika ofisi moja ya serikali, karani akaniambia nirudi wiki ijayo, niliporudi akaniambia faili haionekani.

Nitafikisha miaka 50 Aprili mwakani. Naomba uniambie ukweli: je, mlango wa kurudi kwenye mpango wa zamani upo? Nikienda kaunti, miaka yangu yote itakwenda wapi?

Sajenti, Bonde la Ufa

*

Afande mpendwa,

Barua ile ya kujiuzulu usiitie sahihi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kukudhuru wiki hii, kabla hata hatujazungumza habari za mswada wala za Bunge, na kwa sababu neno moja katika barua hiyo linaweza kukugharimu zaidi ya makato yote uliyokatwa tangu 2021.

Pensheni ya zamani, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, haikumtaka afisa kuchangia chochote kutoka mshahara wake. Serikali ililipa kutoka Mfuko wa Jumla, na kiasi kilihesabiwa kwa mshahara wa mwisho na idadi ya miezi ya utumishi. Lakini sheria hiyo hiyo ina upande mkali: afisa anayejiuzulu kabla ya kutimiza masharti ya kustaafu hupoteza dai lake la pensheni, hata kama ametumikia miaka mingi. Anayestaafu kwa hiari akiwa na miaka 50, na ametumikia angalau miaka 10, hulipwa. Kwa hiyo maneno mawili yanayofanana sana midomoni mwa watu, kujiuzulu na kustaafu mapema, mbele ya sheria ni mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Miaka yako 22 ya mwanzo, tangu 1999 hadi mwisho wa 2020, ilitumikiwa chini ya sheria hiyo. Wewe umebakisha miezi michache kufika 50. Hakuna mshahara wa kaunti unaostahili kukufanya uiweke miaka hiyo hatarini kwa sababu ya haraka ya mwezi mmoja.

Sasa nijibu swali lako la kwanza bila kuzunguka. Kwa sheria ilivyo leo, mlango wa kurudi haupo kwako. Sheria iliyoanzisha PSSS, iliyopitishwa 2012 na kuanza kutekelezwa Januari 2021, ilitoa hiari kwa wenye miaka 45 na zaidi peke yao. Hakuna rufaa ya miezi mitatu, na hakuna afisa yeyote katika makao makuu mwenye mamlaka ya kukurudisha kwa barua, hata akikuonea huruma. Ukikutana na mtu anayekuambia kwamba kwa ada kidogo anaweza kulishughulikia jambo hilo, huyo ni mwizi, nawe kwa kazi yako unajua la kumfanyia.

Naona kuhamishwa kwako kulikuwa si haki, na nasema hivyo bila kusita. Mstari wa umri lazima uchorwe mahali fulani, hilo ninalikubali, lakini mtu aliyekwisha kutumikia miaka 22 chini ya ahadi moja alistahili kuulizwa kabla ya ahadi hiyo kubadilishwa, awe amezaliwa Novemba au Aprili. Tena polisi ana ugumu ambao mwalimu hana. Walimu waliingizwa kwenye mpango huo huo, lakini wao wana vyama vya kuwasemea na kugonga milango kwa niaba yao. Ninyi sheria haiwaruhusu kuunda chama cha wafanyakazi. Ndiyo maana wengi wenu mlijua habari hiyo kwa namna uliyoijua wewe, kupitia mstari mpya kwenye karatasi ya mshahara.

Hata hivyo, uchungu haupaswi kukuzuia kuona kilichomo mkononi mwako, kwa hiyo tuufungue ule ukurasa wa daftari na kumaliza hesabu mliyoiacha. Mshahara wako wa msingi hukuutaja, kwa hiyo nitachukua shilingi 40,000 kwa mwezi kwa sababu inarahisisha hesabu, nawe utaweka tarakimu zako.

Chini ya Sura ya 189, kila mwezi wa utumishi hukupa sehemu moja ya 480 ya mshahara wako wa mwaka. Shilingi 40,000 kwa miezi 12 ni 480,000, hivyo kila mwezi uliotumikia una thamani ya shilingi 1,000 za pensheni kwa mwaka. Miezi yako 264 ya kabla ya 2021 inakupa pensheni ya shilingi 264,000 kwa mwaka. Robo yake, yaani 66,000, huzidishwa mara 20 na kulipwa kwa mkupuo, nayo ni shilingi 1,320,000. Robo tatu zinazobaki, 198,000 kwa mwaka, hulipwa kila mwezi, shilingi 16,500, hadi mwisho wa maisha yako. Hiyo ndiyo namna ya hesabu ya mistari minne ya mwenzako. Miaka hiyo haikufutwa na mpango mpya. Kilichosimama ni kuongezeka kwa miezi kwa utaratibu huo.

Kuanzia Januari 2021, hesabu yako iligeuka kuwa akiba. Mwaka wa kwanza ulikatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi, mwaka wa pili asilimia 5, na tangu mwaka wa tatu asilimia 7.5, huku serikali ikiweka asilimia 15 tangu mwanzo. Kwa mshahara wa 40,000, leo unaweka 3,000 na serikali inaweka 6,000 kila mwezi. Ukikaa hadi mwisho wa 2035, karibu na kufikisha kwako miaka 60, wewe utakuwa umeweka jumla ya 501,600 na serikali 1,080,000, hivyo kwa pamoja ni 1,581,600 kabla ya kuongezwa faida ya uwekezaji. Ukistaafu, unaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na sehemu inayobaki inageuzwa kuwa malipo ya kila mwezi, kwa mfano kwa kununua pensheni kutoka kampuni ya bima.

Weka pembeni yake miaka 15 ile ile kama ingehesabiwa kwa utaratibu wa zamani: miezi 180, pensheni ya 180,000 kwa mwaka, mkupuo wa 900,000, na 11,250 kila mwezi maisha yako yote, bila wewe kukatwa hata senti. Ukipandishwa cheo katikati, utaratibu wa zamani ungehesabu miezi yote kwa mshahara wako mkubwa wa mwisho, ilhali akiba ya mpango mpya hubaki na michango midogo ya miaka ile ya mshahara mdogo. Faida ya uwekezaji hupunguza pengo, na katika miaka mingi inaweza kulipunguza sana, lakini hakuna aliyekuahidi kiwango chake. Kwa mtu wa umri wako, aliyebakiwa na miaka michache ya kuikuza akiba, ninaelewa kabisa kwa nini mwenzako analala usingizi na wewe huupati.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mwenzako hana na wewe unayo, na sitaki uyapuuze. La kwanza ni bima ya maisha. Sheria ya PSSS inaitaka serikali kumkatia kila mwanachama bima isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka. Kwa mfano wetu ni shilingi 2,400,000 kwa watoto wako watatu iwapo, Mungu apishie mbali, utapoteza maisha ukiwa kazini. Kwa mtu anayetoka nyumbani akiwa amevaa sare ya polisi, hilo si jambo la pembeni. La pili ni kwamba akiba iliyo kwenye jina lako hurithiwa, wakati pensheni ya zamani, mstaafu akifariki, huendelea kulipwa kwa wategemezi kwa miaka mitano kisha ikakoma. Nakuomba usiku wa leo uhakikishe umejaza majina ya warithi wako kwenye mpango huo, na kwamba majina yanalingana na vyeti vyao vya kuzaliwa. Nimepokea barua nyingi za wajane na yatima, na kilio kikubwa ndani yake huwa ni jina lililoandikwa vibaya.

Nije kwenye mswada. Ni kweli kwamba mswada wa kuwatoa maafisa wa polisi kwenye PSSS umewasilishwa katika Bunge la Taifa, na hoja yake kubwa ni ile ile ya mama yako: kwamba polisi wanakabili hatari zinazofanana na za wanajeshi, na kwamba wanajeshi waliachwa nje ya mpango. Naunga mkono kiini chake. Hata hivyo, mswada hupitia usomaji wa kwanza, kamati, usomaji wa pili, kamati ya Bunge zima, usomaji wa tatu, kisha sahihi ya Rais, na njiani huweza kubadilishwa au kufia kamatini. Usijenge nyumba juu yake. Usiikatae kazi ya kaunti kwa sababu ya mswada peke yake, wala usibaki kwenye Huduma ya Polisi miaka mitano zaidi ukiusubiri.

Nina jambo moja la kuwaambia wanaoushughulikia, na wewe unaweza kulisema pia. Kuwarudisha polisi wote kwa amri, kama walivyotolewa wote kwa amri, ni kurudia kosa lile lile kwa kuligeuza. Konstebo wa miaka 24 aliyeajiriwa baada ya 2021 hana hata mwezi mmoja chini ya Sura ya 189. Huenda akitumikia miaka sita akapata kazi nyingine, na kwa utaratibu wa zamani angetoka mikono mitupu kwa kuwa hajafikisha miaka 10, ilhali akiba yake ya PSSS anaweza kuihamishia mpango mwingine. Huyo akiamua kubaki, aachwe abaki. Wewe wa miaka 22 ya utumishi ukiamua kurudi, ufunguliwe njia. Kinachohitajika ni hiari ya kila afisa, na kila mmoja apewe kwa maandishi hesabu zake mbili, ya kubaki na ya kurudi, kabla ya kuchagua. Sheria iseme wazi pia michango iliyokwisha kukatwa itakwenda wapi. Je, afisa atarudishiwa asilimia zake, au zitachukuliwa kama bei ya kurudi? Nani atabeba hasara kama uwekezaji umeshuka siku ya kuhama? Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria, kwa hiyo maoni yaliyoandikwa kwa karani wa Bunge yanapokewa kutoka kwa raia yeyote. Ikiwa cheo chako kinakufanya usite, mumeo au mama yako anaweza kuandika, na simulizi ya miezi mitatu, pamoja na zile hesabu mbili, itaeleweka na mbunge yeyote.

Kuhusu kaunti, zipo njia mbili za kuondoka bila kujiuzulu. Ya kwanza ni uhamisho wa utumishi. Hapa unaomba rasmi kupitia mkuu wako na Tume ya Kitaifa ya Huduma kwa Polisi kuachiliwa ili uende kwa mwajiri mwingine wa umma, na unapata barua inayosema hivyo kabla ya kuripoti kazi mpya. Lengo lake ni miaka yako kutambuliwa kuwa mnyororo mmoja usiokatika. Kaunti huwa na mipango yake ya malipo ya uzeeni, tofauti na PSSS, kwa hiyo barua ya kaunti itaje utakuwa mwanachama wa mpango upi, na iseme kwamba akiba yako inahamishiwa huko. Usikubali kishawishi cha kuchukua fedha mkononi. Mtu anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu kwa kawaida huruhusiwa kuchukua michango yake mwenyewe na si zaidi ya nusu ya michango ya mwajiri, na akishazila hizo, uzee wake unabaki na ile nusu nyingine tu.

Njia ya pili, na kwa umri wako ndiyo ninayoipendelea, ni kungoja Aprili, ustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 50 kamili, kisha uingie kaunti kwa mkataba. Miaka 22 ile inakuwa imelindwa na haki ya kustaafu, na akiba ya PSSS inakuwa imefikia umri wa kulipwa. Jambo la kuuliza kabla ya kuchagua njia hii ni iwapo malipo yako ya kila mwezi yatasimamishwa kwa kuwa umeajiriwa tena katika utumishi wa umma.

Kwa hiyo kabla ya kwenda popote, andika barua mbili. Ya kwanza iende Idara ya Pensheni katika Hazina ya Kitaifa, ikiwa na namba yako ya utumishi, tarehe ya kuajiriwa na maswali matatu: miezi mingapi wanaitambua kabla ya Januari 2021, mshahara upi utatumika kuihesabu, ule wa Desemba 2020 au ule wa siku ya kustaafu, kwa sababu tofauti yake inaweza kuwa mamia ya maelfu, na malipo yatakuwaje ukihamishwa, ukistaafu ukiwa na 50, na ukiajiriwa tena. Ya pili iende kwa wasimamizi wa PSSS ukiomba taarifa ya akunti yako tangu mwezi wa kwanza, uilinganishe na karatasi zako za mshahara mstari kwa mstari, uone kama fungu la serikali liliwekwa kila mwezi. Peleka nakala mbili za kila barua, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Karani anaweza kukuambia faili haionekani, lakini nakala yenye muhuri na tarehe utaionyesha kwa mkubwa wake, na ikibidi kwa Ofisi ya Mtetezi wa Umma (Ombudsman), ambayo hupokea malalamiko ya namna hii bila malipo.

Na kaunti uwaandikie leo hii, kwa adabu, kwamba unaitaka kazi na kwamba unaomba tarehe ya kuripoti isogezwe hadi Mei, au wao wenyewe wakuombee uhamisho wa utumishi. Wakikujibu, niandikie tena na unipe mshahara wako halisi. Nitakaa chini tuimalize hesabu hiyo kwa tarakimu zako.

Wako,
Mshauri